FIMBO YA NIDHAMU ISIWE KIBOKO CHA MTAWALA

Wakili akiitwa mbele ya wenzake kujibu mashtaka ya kuvunja kanuni za kazi yake, watu wengi hukimbilia upande kabla ya kusikia neno lolote. Akiwa ni wa kwetu, tunasema anaonewa. Akiwa ni wa upande wa pili, tunasema amepata stahili yake. Gazeti hili halikubaliani na mwendo huo. Tunataka kuwaeleza wanachama na wapenzi wa chama chetu kwamba nidhamu ya mawakili ni jambo la mwananchi wa kawaida kabla ya kuwa jambo la mawakili wenyewe, na tukikosea kulipima, tutakaoumia ni sisi.

Kwanza tuseme wazi: kanuni ni lazima ziwepo. Mwananchi haendi kwa wakili kupunga upepo. Huenda akiwa amebanwa. Shamba lake linataka kuchukuliwa, mwanawe yuko mahabusu, au mume wake amefariki na ndugu wa mume wamekwisha kugawana vyombo. Humpa wakili siri zake, karatasi zake na fedha zake, na mara nyingi haijui vizuri hata lugha inayosemwa kortini. Hana njia ya kujua kama wakili wake anafanya kazi au amelala. Kwa hiyo wakili ametakiwa aweke fedha za mteja mbali na fedha zake mwenyewe; asitoe siri aliyoambiwa; asiwatumikie watu wawili wanaogombana katika shauri moja; asiidanganye mahakama. Anayevunja haya na aadhibiwe. Aonywe, atozwe faini, asimamishwe kazi, na kosa likiwa kubwa jina lake lifutwe katika orodha ya mawakili. Anayekula fedha za mjane ni mwizi, na kadi ya chama iliyomo mfukoni mwake haimwondolei wizi wake.

Hayo hatuna ubishi nayo. Ubishi wetu ni juu ya jambo jingine. Fimbo hii iliyokatwa kwa ajili ya kumlinda mteja, mara nyingi imechukuliwa na watawala wakaifanya kiboko cha kumchapa wakili anayewasimamia wanyonge. Wala hawaivunji sheria wazi wazi wanapofanya hivyo. Husema tu kwa sauti ya upole: "Tunalinda heshima ya kazi." Maneno hayo matamu yamekwisha kusemwa katika Bara letu, na ni vizuri tukumbuke yalisemwa na nani, na juu ya nani.

Mwaka 1952, tarehe 26 Juni, wananchi wa Afrika Kusini walianza kampeni ya kuasi kwa amani sheria za ubaguzi wa rangi. Waliingia kwa makusudi katika milango iliyoandikwa "Wazungu tu", wakatembea usiku bila ya pasi, wakangoja polisi waje kuwakamata. Zaidi ya watu 8,000 walitiwa ndani. Mkuu wa wale waliojitolea alikuwa kijana wakili, Nelson Mandela. Mwaka ule ule yeye na Oliver Tambo walifungua ofisi yao ya uwakili katika jumba la Chancellor House, Johannesburg, ng'ambo ya barabara kutoka mahakama ya hakimu. Waafrika walijaa mpaka kwenye ngazi: huyu amekamatwa kwa ajili ya pasi, yule anafukuzwa katika ardhi ya babu zake, mama yule ameshitakiwa kwa kupika pombe. Kwa wengi wao hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mandela na wenzake walishitakiwa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukomunisti ya mwaka 1950. Sheria hiyo ilikuwa na mdomo mpana kama wa kiboko: mtu aliyetaka kubadili mambo ya nchi kwa kuvunja sheria yoyote aliweza kuitwa Mkomunisti, hata kama hajapata kumsoma Marx. Desemba 1952 Jaji Rumpff aliwatia hatiani watu 20, akawahukumu kifungo cha miezi tisa pamoja na kazi ngumu, lakini akakisimamisha kwa muda wa miaka miwili. Na jaji huyo huyo alikiri kwamba washitakiwa waliwahimiza wafuasi wao daima wafuate njia ya amani.

Mwaka 1954 Chama cha Mawakili cha Transvaal kikaenda Mahakama Kuu na ombi moja: jina la Mandela lifutwe katika orodha. Kwa nini? Je, amekula fedha za mteja? La. Je, ameuza siri ya mteja? La. Je, ameidanganya mahakama? La hasha! Ombi lilisimama juu ya hukumu ile moja tu ya kampeni. Wakubwa wa chama walisema mtu aliyevunja sheria za nchi kwa makusudi, akawashawishi na wengine wazivunje, hafai kuwa katika kazi yenye heshima.

Wasomaji wetu waitazame hoja hiyo vizuri, kwa maana si hoja ya kipumbavu. Wakili ameapa kuitumikia sheria. Atawezaje kuitumikia asubuhi na kuiasi jioni? Mtu akijibu swali hili kwa kupiga kelele tu, amekwisha kushindwa. Linataka jibu.

Jibu lilitolewa na wakili Mzungu, Walter Pollak, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Mawakili la Johannesburg, na ambaye alimsimamia Mandela bila ya kudai hata senti moja. Pollak aliikumbusha mahakama juu ya mtu mmoja aliyeitwa Strijdom (si yule aliyekuwa Waziri Mkuu). Mtu huyo alifungiwa kambini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa sababu ya kuwapenda Wanazi, akajaribu kutoroka, akapatikana na hatia ya kuiba motokaa. Baadaye aliomba kuingizwa katika uwakili. Mawakili wakapinga, lakini mahakama ikamkubali, ikisema kosa lake lilitokana na siasa, na mtu hawezi kuzuiwa kufanya kazi hiyo kwa ajili ya imani yake ya siasa. Pollak akaongeza kwamba ziko tofauti kati ya Strijdom na Mandela: Mandela si wa chama cha Makaburu, tena Mandela si mweupe. Alimaliza. Alimwachia kila mwenye masikio asikie.

Jaji Ramsbottom alilikataa ombi la Chama cha Mawakili. Uamuzi wake ulisimama juu ya msingi huu: kosa la Mandela halikuwa na udanganyifu wala aibu ndani yake, wala hakulifanya kwa tamaa ya kujipatia kitu, alitaka kuwatumikia watu wake, na kuvunja sheria kwa nia ya namna hiyo, hata kama kunaadhibiwa na mahakama ya jinai, hakumfanyi mtu asiyefaa kuaminiwa na wateja. Chama kilirudi mikono mitupu, na gharama zake kikajibebea chenyewe. Ofisi ya Mandela na Tambo ikaendelea na kazi.

Ndugu wananchi, tunaisifu hukumu hiyo ingawa ilitolewa katika mahakama ya nchi ya ubaguzi, na jaji ambaye hakuchaguliwa na Mwafrika hata mmoja. Ukweli ni ukweli hata ukitoka katika nyumba ya jirani mbaya. Jaji yule aliweka mpaka. Upande mmoja wa mpaka huo liko kosa la raia, ambalo raia huadhibiwa kama raia mwingine yeyote. Upande wa pili liko kosa la wakili, nalo ni kuivunja amana. Mpaka huu ukifutwa, kila wakili atajua kwamba akimsimamia mtu anayechukiwa na serikali, mkate wake uko hatarini. Je, yule aliyekamatwa kwa ajili ya pasi atamwendea nani? Ukimfuta wakili mmoja wa wanyonge, hukumfuta mtu mmoja. Umeufunga mlango ambao mamia ya watu walikuwa wamepanga foleni mbele yake.

Wala tusidhani mambo haya yalikuwa ya Makaburu peke yao. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki wakoloni wa Kiingereza walijaribu mchezo wa namna hiyo. Jomo Kenyatta na wenzake watano waliposhitakiwa Kapenguria mwaka 1952, wakili wao mkuu, D. N. Pritt, alipeleka simu ya maandishi kwa Wabunge wa Uingereza kulalamika jinsi kesi ilivyokuwa ikiendeshwa. Mara akashitakiwa yeye mwenyewe kwa kosa la kuidharau mahakama, na kesi ya wateja wake ikabidi ingoje. Mahakama Kuu ya Kenya ilimwachilia. Ni Pritt huyo huyo aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1958 kumtetea Mwalimu Julius Nyerere katika kesi ya kashfa. Kama wangefaulu kumnyamazisha kule Nairobi, tungempata huku?

Sasa tuje kwenye kesi iliyo ngumu zaidi, maana mwenye kusema ukweli hachagui mifano myepesi peke yake. Bram Fischer alikuwa Kaburu wa ukoo mkubwa. Baba yake alikuwa jaji, babu yake Waziri Mkuu katika nchi ya Orange. Alipata kuwa mwenyekiti wa Baraza la Mawakili la Johannesburg. Mwaka 1963 na 1964 aliongoza utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya Rivonia, iliyokwisha kwa kifungo cha maisha badala ya kamba. Mwaka ule ule wa 1964 akakamatwa yeye mwenyewe kwa sababu ya kuwa katika Chama cha Kikomunisti. Akiwa nje kwa dhamana aliruhusiwa kwenda London kwa kesi ya kazi yake, akarudi kama alivyoahidi. Lakini Januari 1965, kesi yake ikiendelea, alijificha. Aliiachia mahakama barua ya kueleza kwamba anabaki nchini kuupinga ubaguzi. Hata kabla hajakamatwa, Baraza lile lile alilopata kuliongoza lilipeleka ombi afutwe katika orodha, na mwaka 1965 akafutwa.

Katika jambo hili watu wema waweza kutofautiana. Fischer aliipa mahakama ahadi, na ahadi hiyo akaivunja. Wale waliosema wakili hawezi kuichezea mahakama hawakusema uongo. Lakini sisi tunauliza: Fischer alipojificha, alimhadaa mteja gani? Aliidanganya mahakama akiwa amevaa joho lake la uwakili? Alikuwa mshitakiwa, na mshitakiwa anayevunja dhamana ana adhabu yake iliyoandikwa. Waziri wa Sheria wa wakati ule alikuwa B. J. Vorster, naye ni mwanasheria aliyefungiwa kambini huko Koffiefontein kwa ajili ya siasa zake wakati wa vita vya Hitler. Kifungo kile hakikumzuia Vorster kurudi kwenye uwakili, wala kuwa Waziri, wala kuwa Waziri Mkuu mwaka 1966. Mizani iliyompima mmoja kwa ratili na mwingine kwa tani si mizani ya heshima.

Fischer alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1966, akafa mwaka 1975 bila ya kuwa huru. Jina lake lilirudishwa katika orodha mwaka 2003, nchi ikiwa imekwisha kukombolewa. Na hakuwa wa kwanza kurudishiwa heshima yake kaburini. Mahatma Gandhi, aliyepata kuwa na ofisi ya uwakili huko huko Johannesburg, alifutwa na Inner Temple ya London mwaka 1922 baada ya kufungwa kwa uchochezi. Alirudishwa mwaka 1988, miaka 40 baada ya kuuawa. Tunawashukuru waliorudisha majina hayo. Lakini wateja waliokosa wakili katika miaka ile hawakurudishiwa kitu. Marehemu hasimami kortini.

Basi tuifanyeje fimbo hii? Tuivunje? Hapana. Mwaka 1990 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, Cuba, ulipitisha misingi juu ya kazi ya mawakili. Misingi hiyo inasema wakili asihesabiwe kuwa ndiye mteja wake, wala jambo la mteja lisihesabiwe kuwa jambo lake. Na ya kuwa wakili ana uhuru wa kusema na kujiunga na vyama kama raia wengine. Tena inasema akishitakiwa kwa nidhamu asikilizwe kwa haki mbele ya baraza lisilo na upendeleo, awe na haki ya kutetewa, na uamuzi uweze kupelekwa mbele ya mahakama iliyo huru. Hayo si makubwa. Ni yale yale ambayo mzee wa kijiji huyafanya chini ya mwembe: husikiliza pande mbili, tena hamfanyi mshitaki kuwa hakimu.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wetu, kila watakaposikia kwamba wakili fulani ameshitakiwa kwa kuvunja kanuni, wasipige makofi na wasipige kelele mpaka wamekwisha kuuliza maswali matatu.

La kwanza: nani analalamika? Kama ni mteja aliyedhulumiwa, asikilizwe hata kama wakili huyo ni shujaa wa mikutano yetu. Kama ni mtawala aliyeudhika kwa maneno yaliyosemwa kortini, tushike tahadhari.

La pili: ni amana ya nani iliyovunjwa? Pakiwa na fedha iliyopotea, siri iliyouzwa, karatasi iliyoghushiwa au uongo ulioapiwa, hilo ni kosa la kazi. Pakiwa na hasira tu ya wakubwa, hapana kosa.

La tatu: je, mpinzani wetu angefanya neno hilo hilo, tungetaka aadhibiwe? Na rafiki yetu angelifanya, tungetaka asamehewe? Majibu mawili yasipolingana, kasoro imo ndani yetu.

Swali hili la tatu ndilo gumu kuliko yote, na tunalisema kwa kukusudia. Chama kilichopigania uhuru kinajua uchungu wa kuchapwa kwa kiboko cha mtu mwingine. Lakini kujua uchungu hakutoshi. Wako waliochapwa, na siku walipokamata mpini wakachapa vile vile, wakisema mkono wao ni mwepesi. Kiboko hakiulizi bendera. Siku baraza la nidhamu la mawakili litakapotumwa kumziba mdomo wakili anayewasema viongozi, hata kama viongozi hao ni wetu, gazeti hili litakuwa upande wa mpaka ule uliowekwa mwaka 1954.

Na ninyi ndugu mawakili mlio katika chama, nanyi mna neno lenu. Msituletee aibu. Wakili wa chama anayechelewesha shauri la mkulima mpaka muda wa rufaa unapita, anayechukua ada bila ya kutoa risiti, anayekula fidia ya shamba aliyokabidhiwa, kisha akikamatwa akajifunika bendera na kulia kwamba anaonewa kwa siasa, huyo anawaumiza wawili kwa mpigo mmoja. Anamwumiza mteja wake, tena anamwumiza wakili mwingine ambaye kweli anaonewa, kwa maana siku ya huyo kulia ikifika hakuna atakayemsadiki. Mandela alikuwa na nguvu ya kusimama mbele ya mahakama ile kwa sababu vitabu vyake vya kazi havikuwa na doa la kuonyeshwa. Kama lingepatikana hata doa dogo la fedha ya mteja, Chama cha Mawakili kisingehitaji siasa. Kingemfuta mchana kweupe, na Pollak asingekuwa na la kusema.

Kwa hiyo usafi wa wakili ni ngao yake, na ni ngao ya watu wake. Wakili aweke hesabu zake sawa, atunze siri, aseme kweli mbele ya jaji. Akisha kufanya hayo, na aseme pia kweli mbele ya mtawala bila ya kuogopa, nasi wananchi tusimame nyuma yake.

Fimbo ya nidhamu tuiweke mahali pake. Ni ya kumlinda mjane asiibiwe. Asiachiwe mtawala yeyote, wa jana au wa kesho, wa kwao au wa kwetu, kuinyakua na kumchapia anayemtetea mjane huyo.